Filamu Iliyokatika Mlangoni

Desemba iliyopita, asubuhi moja ya baridi, binti yangu alitoa hita ya zamani stoo akaiwasha sebuleni kwake hapa Nyeri mjini. Kabla joto halijanifikia miguuni, harufu ilinifikia puani: vumbi la mwaka mzima likiungua juu ya waya mwekundu. Wajukuu walikuwa wamejazana kwenye kochi wakitazama filamu za Krismasi, moja baada ya nyingine, huku wakibishana ipi inachekesha na ipi ni ya watoto wadogo. Walinitazama wakadhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao katika ukumbi wa kanisa kule Mweiga, miaka michache baada ya uhuru, na nyuma yangu mashine ya filamu ilikuwa ikinuka hivyo hivyo.

Nikuambie kwanza mwaka ule ulikuwaje, maana bila hivyo hizo filamu ni filamu tu.

Mwaka ule mama yangu alifariki. Ninaliandika kwa wepesi sasa, lakini wakati ule hakuna aliyelitamka mbele yetu. Tulikuwa tunachimba viazi alipozidiwa. Alikuwa na mimba kubwa. Walimpandisha kwenye lori la maziwa wakampeleka hospitali Nyeri, amejifunika blanketi hadi kidevuni, na mimi na mdogo wangu Muriuki tukapelekwa Kiganjo kwa Tata Njoki, dada ya baba. Huko tulikula vizuri. Asubuhi tulisikia makurutu wa polisi wakiimba na kukimbia barabarani, na Muriuki, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikimbia nao kwa upande wa ndani wa ua. Tulipouliza habari za mama, Tata alijibu, “Mama anapumzika.”

Tuliporudishwa nyumbani, nyasi za uani zilikuwa zimekanyagwa na watu wengi. Nyuma ya mikaratusi palikuwa na tuta la udongo mbichi, na mtu alikuwa amechomeka maua juu yake. Nilipouliza, niliambiwa maneno yale yale: “Mama amepumzika.” Kilichobadilika ni herufi mbili tu, na mimi sikuzitilia maanani. Tuta nililiweka mfuko mmoja, maneno nikayaweka mfuko mwingine, na sikuruhusu mikono yangu miwili ikutane.

Sikulia. Sikusema kwamba nina huzuni, kwa sababu sikuwa nayo. Unajua mguu unavyokufa ganzi ukiukalia sana? Unaupiga kofi na unausikia kama mguu wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Uji ulikuwa moto lakini hauna ladha. Kuku walinipigia kelele nikawarushia mahindi. Niliosha vyombo, nikakunja nguo za Muriuki, nikajibu nilipoitwa, na wageni wakasema, “Huyu Nyawira ni mtoto mzuri kweli.”

Tata Njoki, aliyekuja kutuangalia, hakudanganyika. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, mwenye kuzungumza na sufuria zake. Siku moja nilimsikia jikoni akimwambia baba, “Huyu mtoto amekauka. Hajalia hata siku moja. Krismasi ikiisha nitarudi na yeye Kiganjo, akae na mimi. Muriuki utabaki na yeye, ni mwanamume mwenzako.”

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Hata kabla ya msiba maneno yake yalikuwa machache. Baada yake yaliisha kabisa. Alikamua, akapeleka maziwa, akarudi, akakaa. Mimi nilisikia kwamba nitachukuliwa, nikaendelea kuchambua maharagwe.

Basi, ikaja juma la Krismasi na Mwalimu Gachanja akasimama baada ya ibada.

Mwalimu Gachanja alikuwa katekista wetu na mwalimu wa shule pia. Alikuwa amesomea pwani akarudi na Kiswahili kirefu, cha methali, ambacho watu wa Mweiga walikisikiliza kama muziki bila kuelewa chote. Alitangaza kwamba misheni imetuazima mashine, jenereta na filamu za Krismasi za kila aina, na kwamba kila alasiri, kuanzia kesho, zitaonyeshwa ukumbini. Aombalo ni mablanketi ya kuziba madirisha.

Yakaletwa. Kila mama alishonea lake uzi wa rangi yake ili lisipotee, na ukumbi ukawa na giza la mchana, la joto, lenye harufu ya moshi wa majiko yetu yote. Mbele waliangika shuka nyeupe yenye kiraka pembeni. Filamu zilisema Kiingereza, kwa hiyo Mwalimu alisimama kando ya shuka, fimbo mkononi, akitutafsiria. Alipokosa kuelewa, aliongeza yake. Tulijua anaongeza, na ndipo tulipompenda zaidi.

Siku ya kwanza ilikuwa filamu ya kuzaliwa kwa Yesu. Njia nzima ya kurudi nyumbani watu waliijadili kama kesi. Kwa nini mtoto alikuwa na nywele za manjano? Kwa nini punda alikuwa mnene kuliko ng'ombe wetu na alikuwa ametoka safari? Lakini aliyekasirika kweli alikuwa jirani yetu Mama Kariuki.

“Mwanamke amezaa kwa zizi,” alisema, amesimama katikati ya njia ili tusipite, “na hakuna mwanamke hata mmoja wa hiyo mji amemletea uji! Hata uji! Ati wanaume wanatoka mbali wanaleta manukato. Manukato itarudisha damu?”

Wanawake wakaguna kukubali. Kisha mmoja akanitazama, akamgusa Mama Kariuki mkono, na wote wakanyamaza ghafla. Nilielewa kwamba wamenyamaza kwa sababu yangu, lakini sikuelewa kwa nini.

Siku ya pili ilikuwa ya yule mzee mnene wa koti jekundu, anayeruka angani kwa gari lisilo na magurudumu, likivutwa na wanyama wenye pembe, na kuingia nyumba za watu kupitia bomba la moshi. Watoto tulifurahi, yaani, wenzangu walifurahi. Guka Ndirangu, mzee aliyeishi ng'ambo ya mto, hakufurahi. “Mtu mwenye heri anapiga hodi,” alisema. “Huyo ni mwizi. Na hao ng'ombe yake hawana maziwa, nimeangalia vizuri.” Kisha ikaja hoja ya theluji. Muriuki alishikilia kwamba ni unga. Kariuki, mwana wa jirani, alisema ni chumvi. Guka akanyoosha fimbo upande wa mashariki, ambako mlima hujifunua asubuhi kabla ya mawingu, akasema ile ni ile ile iliyo juu ya Kirinyaga, na watu waliojenga nyumba mahali kama pale hawana adabu mbele ya Mungu, ndiyo maana lazima waletewe zawadi kwa hewa.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuchekesha. Baba mmoja amemnunua bata mzinga kwa sherehe, bata akamshinda nguvu, wakakimbizana ngazi hadi ngazi, wakaingia kanisani, wakatoka na kwaya nyuma yao. Ukumbi ulicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka na watu wake. Mimi niliwatazama wanaocheka ili nijue mahali pa kucheka, kisha nikafungua mdomo pamoja nao.

Nilipogeuka nikamwona baba. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi letu, kofia juu ya goti, uso mkavu. Alikuwa amekuja siku ya kwanza pia, na ya pili. Watu walishangaa, maana siku zote aliziita filamu vivuli, na kusema kwamba mtu mwenye ng'ombe hana muda wa kutazama vivuli. Hakueleza. Alikuja, akakaa, akatoka nasi, akatembea nyuma ya watu wote.

Filamu ya mwisho ilionyeshwa siku ya kuamkia Krismasi.

Ilikuwa ya mama. Alikuwa ameondoka kwenda mji wa mbali kufanya kazi, na watoto wake wawili, msichana na mvulana, walibaki katika nyumba ndogo yenye bustani. Sasa ni Krismasi naye anarudi. Treni inakwama kwenye theluji. Anashuka na sanduku lake, anatembea. Filamu ilituonyesha yeye, kisha watoto dirishani, kisha yeye tena. Watoto walimwekea sahani mezani. Mvulana alilala akiwa amekaa. Msichana hakulala.

Mwalimu Gachanja alianza vizuri, kwa sauti yake ya kanisani. “Watoto wanasema, mama atakuja,” alitafsiri. “Jirani anawaambia, theluji ni nyingi. Msichana anasema, yeye atakuja tu.” Baada ya hapo maneno yake yakapungua. Akaacha hata kuongeza yake. Gizani nikasikia wanawake wakivuta pua. Mkono wa mtu ukawekwa kichwani pangu, mzito na wa joto, ukakaa hapo kama mkono wa mtu anayepima kama chungu kimepata moto. Nakumbuka nilikuwa nikitazama kile kiraka cha shuka, na jinsi theluji ilivyobadilika rangi ilipokipitia.

Mama yule akafika getini. Akaona mwanga dirishani. Akapita bustanini, akafika mlangoni, akainua mkono apige hodi.

Shuka ikawa nyeusi.

Nje, jenereta iliendelea kunguruma. Ndani fujo ikazuka. “Rudisha!” “Ati nini tena?” “Mwalimu, amefika kwa mlango!” Mtu akafunua blanketi moja na mwanga wa jioni ukaingia. Mwalimu Gachanja alikuwa amesimama karibu na mashine akifuta uso kwa leso.

“Filamu imekatika,” alisema. “Basi. Tusali, twende nyumbani.”

“Shona!” mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

“Haishoneki. Ni mashine mbovu, mnisamehe.” Akaizungusha filamu, akaiweka ndani ya kopo lake la bati, akafunga kifuniko.

Hakusamehewa. Kwa miaka mingi baadaye, kila alipokosea jambo, watu walimkumbusha mashine yake mbovu. Lakini jioni ile walikuwa na shida kubwa zaidi: walikuwa na mama mlangoni, na ilibidi wamalize wenyewe. Mama Kariuki alisema aliingia, wakala, na kwenye sanduku mlikuwa na peremende na nguo mpya. Guka Ndirangu alisema yule hakuwa mtu, alikuwa roho. Hakuna mtu wa kawaida anayetembea usiku mzima kwenye kitu kama kile na kiatu cha kisigino. Kariuki alidhani amekosea nyumba. Tata Njoki alitembea upesi mbele yetu, akigeuka kila mara kunitazama, akisema, “Ni filamu tu. Hiyo ni filamu tu.”

Muriuki alikuwa amebebwa mabegani na baba. “Aliingia?” aliuliza. “Baba, aliingia?” Baba akapandisha mteremko.

Nyumbani, Tata aliingia jikoni na Muriuki kuwasha moto. Mimi nilimfuata baba zizini, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kushika mkebe. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Nyandarua na hewa ilikuwa na ubaridi wa chuma. Baba alichuchumaa, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Nyakairu, ng'ombe wetu mweusi, akaanza kukamua. Sauti ya maziwa kwenye ndoo tupu ni kali. Kadiri ndoo inavyojaa inakuwa nzito, ya chini. Ilikuwa bado kali nilipouliza. Sijui kwa nini niliuliza. Labda kwa sababu wengine wote walikuwa wametoa maoni.

“Baba, yule mama aliingia?”

“Hapana.”

“Lakini alikuwa amefika mlangoni.”

“Hakufika mlangoni. Hiyo ilikuwa picha.” Hakugeuka. Aliendelea kukamua, mkono huu, mkono ule. “Alikufa hospitali, huko Nyeri. Na mtoto yule alikuwa tumboni. Tulimleta tukamzika hapo nyuma ya miti. Wewe ulikuwa Kiganjo. Ni mimi nilisema muende Kiganjo. Nilifikiria ni vizuri.”

Katika filamu hapakuwa na hospitali. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba baba anazungumza habari gani, kama vile mtu anavyojua jina lake. Hata hivyo, swali lililotoka mdomoni mwangu lilikuwa bado la filamu.

“Na watoto?”

Alifikiri. Maziwa yalikuwa yameanza kutoa sauti ya chini.

“Watoto walikula chakula,” alisema. “Wakalala. Asubuhi wakaamka, wakasaidia baba yao kukamua.”

“Halafu mmoja akaenda kukaa kwa tata yake.”

Mikono yake ikasimama. Akaniangalia, na nikaona alama ya manyoya ya Nyakairu kwenye paji lake la uso.

“Nani amekuambia hiyo?”

“Nilisikia Tata akikuambia.”

“Hapana,” alisema. “Hao walikaa pamoja. Wote.”

Akamimina maziwa kwenye mkebe, nami nikaubeba hadi nyumbani kwa mikono miwili bila kumwaga.

Wakati wa chakula alimwambia dada yake, “Njoki, watoto watabaki na mimi. Hao wawili. Nimemwambia Nyawira vile mama yake alikufa.” Tata akaweka mwiko chini. Mwalimu Gachanja alikuwa na methali aliyotufundisha shuleni, kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu ilikwenda kinyume. Aliyeanza ni Tata, amejifunika uso kwa aproni, kwa sauti ambayo nadhani aliishikilia tangu siku ya mazishi. Muriuki akalia kwa sababu Tata analia. Baba akatoka nje. Mimi niliwatazama, nikakusanya sahani, nikaziosha.

Tata alirudi Kiganjo peke yake mwaka mpya ulipoingia, na kila mwezi alikuja na mkate. Krismasi yenyewe siikumbuki. Nadhani tulikula mbuzi.

Mguu uliokufa ganzi hauamki kwa kuambiwa. Wangu uliamka wakati wa mvua za masika, siku ya kawaida kabisa, tulipokuwa tunapanda viazi. Niliwaona kuku wakifukua mbegu, nikataka kuwaita jinsi mama alivyowaita, na ile sauti haikuwepo. Nilikuwa nimeisahau. Nilikaa chini kwenye mtaro wa udongo nikalia mpaka nikatapika. Baba alikuwa kwenye mstari wa pili na jembe. Hakuja kuninyamazisha. Lakini hakusonga mbele pia. Alichimba pale pale, polepole, udongo ule ule mara kadhaa, mpaka nilipoinuka nikashika tena kikapu.

Hayo ndiyo niliyoyajua kwa miaka mingi. Nilisoma, nikawa muuguzi, nikaolewa, na baba akafariki akiwa mzee, kitandani kwake, nikiwa nimemshika mkono. Nilipokuwa nikisimulia habari za utoto wangu nilisema siku zote kwamba Krismasi ile sikuhisi kitu chochote, na watu waliniamini, kwa kuwa nilisema kweli kama nilivyoijua.

Kisha nikakutana na Mwalimu Gachanja katika arusi moja Murang'a. Alikuwa amezeeka sana, ameketi chini ya hema na sahani ya pilau magotini. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni nani, na kwa kutaka kumchekesha nikamuuliza kama alipata kununua mashine nzima.

Hakucheka. “Mashine yangu haikuwa na ubovu,” alisema.

Aliweka uma pembeni. Akaniambia kwamba alikuwa ameitazama ile filamu peke yake siku iliyotangulia, ili ajitayarishe kutafsiri, na hakuona tatizo. Ilikuwa hadithi nzuri ya Krismasi. Ilipokuwa ikienda, na yeye amesimama kando ya shuka akiwatazama watu, ndipo alipotuona sisi benchi la mbele, mwanga wa theluji ukitupiga usoni. Akatamani kuisimamisha na akaogopa. Akaendelea kutafsiri mpaka mama akafika mlangoni.

“Nikaenda nikachomoa waya,” alisema. “Sikuweza kumwingiza yule mwanamke ndani mbele yenu. Ningewaambia nini?”

“Aliingia?” nilimuuliza. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto wakubwa, na niliuliza kama Muriuki mabegani mwa baba.

“Aliingia. Wakamkumbatia. Wakaimba. Lakini wewe ndiwe uliyenifanya nichomoe. Hukumbuki?”

Nikamwambia ninachokumbuka: kwamba nilikaa kimya, kwamba nilikuwa nikitazama kiraka cha shuka.

“La, mwanangu,” alisema. “Tata yako aliweka mkono kichwani pako akijaribu kukukalisha. Yule mama alipopita bustanini ulikuwa umesimama wima juu ya benchi, mbele ya watu wote, mkono umeunyoosha, kama mtu anayetaka kumfungulia mlango.”

Wenye arusi walikuwa wameanza kuimba na bibi arusi alikuwa akipita. Mwalimu akachukua tena uma wake. Mimi nilitazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya goti, nikajaribu kuukumbuka ukiwa umenyooka, na sikuweza. Siwezi hata leo. Sasa ninapoisimulia Krismasi ile sisemi tena kwamba sikuhisi kitu. Nasema kwamba sikumbuki kuhisi kitu, na kwamba nilikuwa nimesimama.